Masikio Kwanza, Ulimi Baadaye: Maabara ya Lugha Ilitufundisha Nini?



Ndugu msomaji, frateri anayepangiwa mwaka wa kichungaji katika parokia ya mbali na kwao hukuta mtihani usiokuwamo katika ratiba ya masomo yake. Vijana wa kigango huzungumza naye Kiswahili bila shida. Lakini bibi mzee anayepelekewa Komunyo nyumbani husali, hushukuru na hulalamika kwa lugha aliyolelewa nayo. Frateri huitikia kwa tabasamu. Tabasamu linatosha kwa siku ya kwanza. Halitoshi kwa mwaka mzima, na halitoshi kabisa siku frateri huyo atakapokuwa padre na bibi yule akataka kuungama.

Sheria ya Kanisa haikumsahau bibi huyo. Kanuni ya 990 inamruhusu mtu kuungama kwa msaada wa mkalimani, mradi matumizi mabaya na makwazo yaepukwe, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani kutunza siri. Hata hivyo tujiulize: ni nani kati yetu angependa kutaja dhambi zake kupitia kinywa cha jirani? Ruhusa ipo, lakini uzito wake anaubeba muungamaji. Ndiyo maana Sheria hiyo hiyo ya mwaka 1983, katika kanuni ya 249, inataka waseminari waifahamu vema lugha yao wenyewe, wajue Kilatini, na wapate ujuzi wa lugha za kigeni zinazohitajika kwa malezi yao au kwa huduma ya kichungaji. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes ya mwaka 1965, uliwataka wamisionari wajifunze lugha za watu wanaotumwa kwao mpaka waweze kuzitumia kwa ufasaha.

Basi swali la namna ya kujifunza lugha si la walimu wa lugha peke yao. Ni swali la uchungaji. Katika makala hii tunaeleza mbinu moja iliyotikisa dunia ya elimu katika karne ya 20, yaani mbinu ya kusikiliza na kusema, pamoja na chumba chake maarufu kiitwacho maabara ya lugha. Tutaona ilitoka wapi, ilifanyaje kazi, ilipatia nini, ilikosa nini, na sisi tulio na simu mfukoni tunaweza kuchukua nini kwake.

Kutoka kitabuni hadi kinywani

Kwa karne nyingi shule za Ulaya zilifundisha lugha za kigeni kwa njia ile ile ya Kilatini: kanuni za sarufi, orodha ya maneno ya kukariri, kisha kutafsiri sentensi. Njia hiyo ilizaa wasomi wakubwa, nasi hatuidharau. Lakini wengi waliopita humo waliweza kuchambua barua ya Cicero neno kwa neno, na hao hao wakifika Ufaransa wasiweze kumwuliza mtu njia ya kwenda stesheni. Lugha ilikaa machoni na katika kalamu. Masikio na ulimi havikualikwa.

Mageuzi yalianzia mahali pasipotarajiwa. Nchini Marekani, wanaisimu wa mwanzo wa karne ya 20 walikuwa wakichunguza lugha za wenyeji wa asili wa bara lile. Nyingi hazikuwa na maandishi wala kitabu cha sarufi. Mtafiti hakuwa na la kufanya ila kukaa na mzee wa kabila, kumsikiliza, kurudia alichosema, kusahihishwa, kisha kuandika. Mmoja wa wanaisimu hao, Leonard Bloomfield, alichapisha mwaka 1942 kijitabu cha kumwongoza mtu anayetaka kujifunza lugha ya kigeni kwa njia hiyo. Msimamo wake ulikuwa wazi: lugha ni sauti kwanza, na maandishi huja nyuma. Mwalimu wa kweli ni mzawa wa lugha, na kazi ya msomi ni kupanga yale yanayosikika.

Kwa Kanisa la Afrika Mashariki jambo hilo halikuwa geni. Wamisionari wa kwanza walifanya vivyo hivyo bila kuipa kazi hiyo jina. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alifika pwani yetu mwaka 1879, akasikiliza lahaja za Kiswahili kwa miaka mingi, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikaanza kuchapishwa mwaka 1939. Kazi ile ilitokana na masikio kabla ya kutokana na kalamu.

Vita, kisha chombo cha angani

Kilichoifanya njia ya Bloomfield itoke kwa wataalamu wachache ni Vita Kuu ya Pili. Marekani ilipoingia vitani ilijikuta haina watu wa kutosha wanaojua Kijapani, Kijerumani, Kiitaliano, Kichina na lugha nyingine nyingi. Mwaka 1943 jeshi lake lilianzisha mpango maalumu wa mafunzo katika vyuo vikuu. Wanajeshi waliwekwa katika vikundi vidogo, pamoja na mzawa wa lugha na mtaalamu wa isimu. Walisikiliza, walirudia na kuzungumza kwa saa nyingi kila wiki. Matokeo yaliwashangaza watu: vijana waliokuwa hawajui neno moja walianza kuzungumza baada ya miezi michache.

Baada ya vita wataalamu walitaka kuyapeleka mafanikio hayo mashuleni. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Charles Fries alikuwa akiwafundisha wageni Kiingereza kwa mazoezi ya miundo ya sentensi. Mwenzake Robert Lado alitoa kitabu mwaka 1957 akieleza kwamba ukilinganisha lugha ya mwanafunzi na lugha anayojifunza, unaweza kukisia makosa yatakayomsumbua. Mwaka huo huo mwanasaikolojia B. F. Skinner alitoa kitabu kilichoielezea lugha kama tabia: kuna kichocheo, kuna mwitikio, kuna tuzo inayoimarisha mwitikio huo mpaka uwe mazoea. Kwa hiyo mbinu mpya ilipata miguu miwili, isimu upande mmoja na saikolojia upande mwingine. Nelson Brooks wa Chuo Kikuu cha Yale ndiye aliyeipa jina linalounganisha kusikia na kusema.

Kisha, tarehe 4 Oktoba 1957, Umoja wa Kisovyeti ulirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuzunguka dunia. Wamarekani waliingiwa na hofu kwamba wamepitwa katika elimu. Tarehe 2 Septemba 1958 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na fedha zikamwagika katika masomo ya sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Sehemu ya fedha hizo ilinunua vifaa. Katika miaka michache maelfu ya shule zilikuwa na maabara ya lugha.

Ndani ya maabara

Tujaribu kukipiga picha chumba hicho. Kuna safu za vibanda vidogo vilivyotenganishwa kwa mbao, kila kimoja kikiwa na kinasa sauti, vifaa vya kusikilizia masikioni na kipaza sauti. Mbele kuna meza ya mwalimu yenye swichi nyingi, ambapo anaweza kumsikiliza mwanafunzi mmoja na kumsahihisha bila wengine kusikia. Kanda ina njia mbili za sauti. Ya kwanza ina sauti ya mzawa, wala haifutiki. Ya pili hurekodi sauti ya mwanafunzi, ili baadaye asikilize zote mbili na kulinganisha.

Zoezi la kawaida lilikuwa na hatua nne. Kanda inatoa neno au sentensi. Panakuwa na kimya kifupi, na mwanafunzi anajibu. Kanda inatoa jibu sahihi. Mwanafunzi analirudia. Kisha sentensi nyingine, na nyingine, bila kupumzika.

Tuchukue mfano wa Kiswahili, kwa sababu mazoezi haya yanafaa sana kwa ngeli zetu. Mgeni anasikia: “Kiti hiki ni changu.” Kisha anasikia neno moja tu, “mti,” naye anatakiwa kusema papo hapo, “Mti huu ni wangu.” Anasikia “jembe,” anasema, “Jembe hili ni langu.” Anasikia “nyumba,” anasema, “Nyumba hii ni yangu.” Anasikia “viti,” anasema, “Viti hivi ni vyangu.” Hakuna aliyemweleza kanuni ya upatanisho. Anatarajiwa kuikamata kwa kurudia, kama mtoto wa Mswahili anavyoikamata.

Mbinu ilikuwa na taratibu zake kali. Mwanafunzi asikilize kwanza, aseme, ndipo asome, mwishowe aandike. Asitumie lugha yake darasani. Akariri mazungumzo mafupi mpaka yatoke bila kufikiri. Na zaidi ya yote, asiachwe akosee, kwa maana kosa likirudiwa huwa mazoea. Brooks alifikia hatua ya kulifananisha kosa la lugha na dhambi, kitu cha kuepukwa. Tutalirudia jambo hilo, maana sisi tunaosoma teolojia ya maadili tuna neno la kusema hapo.

Kiswahili nacho kiliingia maabarani

Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wa Marekani wa kujitolea wa Peace Corps, mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru. Vijana hao walihitaji Kiswahili, na walikihitaji haraka. Mwaka 1963 chuo cha lugha cha wanadiplomasia wa Marekani, Foreign Service Institute, kilitoa kozi ya msingi ya Kiswahili iliyoandaliwa na Earl Stevick pamoja na wazawa wa lugha wenyewe, J. G. Mlela na F. N. Njenga. Ina mazungumzo mafupi ya kukariri, kisha kurasa nyingi za mazoezi ya kubadilisha neno moja moja, kama yale ya kiti na jembe.

Wamisionari nao walikuwa na shule zao za lugha. Ile ya Wamaryknoll pale Makoko, Musoma, na ile ya Kipalapala karibu na Tabora ziliwapokea mapadre, masista na walei wengi waliokuja kufanya kazi nchini. Wazee wa parokia wanaowakumbuka mapadre wazungu waliozungumza Kiswahili safi wajue kwamba usafi ule haukuangushwa kutoka mbinguni. Nyuma yake kulikuwa na saa nyingi za kusikiliza, kurudia na kusahihishwa.

Walichopatia: sikio

Jambo la kwanza ambalo watu wa maabara walilipatia ni hili: usilolisikia huwezi kulitamka. Maandiko Matakatifu yanatupa mfano mkali. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi waliteka vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno “Shibolethi.” Waefraimu walisema “Sibolethi,” wakajulikana, wakauawa. Tofauti ilikuwa ya sauti moja tu.

Kwetu hakuna anayeuawa kwa sauti, lakini maana huuawa. Anayechanganya l na r humsikia padre akiwaalika waamini kwenye “kalamu” ya Bwana badala ya karamu yake. Mchumba anayeulizwa habari za mahari anadhani anaulizwa habari za mahali. Kitu cha thamani hugeuka kuwa cha samani. Na msomaji wa Misa ya Kiingereza anayewaambia watu “let us play” amewaalika kucheza wakati alitaka kuwaalika kusali. Kueleza sarufi hakuondoi tatizo hili. Dawa yake ni kusikia maneno mawili yakisemwa pamoja, tena na tena, mpaka sikio litambue kwamba ni mawili. Hapo kanda ilikuwa mwalimu mvumilivu kuliko binadamu. Haichoki, haikasiriki wala haicheki.

Lugha nyingi za Kibantu zina jambo gumu zaidi: toni. Neno lile lile likipandishwa au kushushwa sauti hubadilika maana. Kiswahili hakina toni, na maandishi ya lugha hizo mara nyingi hayaionyeshi. Frateri aliyekulia kwenye Kiswahili akijifunza lugha ya namna hiyo kwa kusoma kitabu cha sala peke yake, atasoma herufi zote sawasawa na watu wasimwelewe.

Mtakatifu Yeronimo alilijua hilo. Katika barua yake kwa mmonaki Rustiko anasimulia jinsi alivyojifunza Kiebrania kwa mtu aliyeongoka kutoka dini ya Kiyahudi, jinsi sauti za kooni zilivyomtesa baada ya kuzoea Kilatini laini, na jinsi alivyokata tamaa mara nyingi kisha akaanza tena. Biblia yake ya Kilatini ilipitia katika koo lililotaabika.

Walichokosa: maana

Hata hivyo, kabla ya miaka ya 1960 kwisha sifa za maabara zilianza kupungua. Katika jimbo la Pennsylvania ulifanywa utafiti mkubwa mashuleni, kuanzia mwaka 1965, uliolinganisha mbinu mpya na ya zamani, pamoja na shule zenye maabara na zisizo nayo. Maabara iliyotumiwa mara mbili kwa wiki haikuonyesha faida iliyoweza kupimika. Wataalamu walibishana sana juu ya namna utafiti ulivyofanywa, lakini walimu wengi hawakushangaa. Walikuwa wamekwisha kuona wanafunzi wakisinzia vibandani, na mashine zikiharibika bila fundi.

Kwa nini kilichofaulu jeshini kilishindwa shuleni? Tukiangalia vizuri tutaona kwamba shule zilinunua kanda, lakini hazikuweza kununua mambo mengine. Wanajeshi walikuwa watu wazima katika vikundi vidogo. Walikuwa na mzawa hai mbele yao, saa nyingi kila wiki, na sababu kubwa ya kujifunza. Mwanafunzi wa sekondari alikuwa na mashine, nusu saa, na mtihani. Mashine ilichukuliwa kuwa ndiyo siri, kumbe siri ilikuwa watu.

Pigo la pili lilitoka kwa wanaisimu. Mwaka 1959 Noam Chomsky alichapisha uhakiki mkali wa kitabu cha Skinner. Hoja yake, tukiieleza kwa urahisi, ni kwamba binadamu hasemi tu yale aliyoyasikia. Kila siku tunatunga na kuelewa sentensi ambazo hatujawahi kuzisikia. Hata makosa ya wanaojifunza yanathibitisha hilo. Mgeni aliyezoea kusema “vyangu, vyako, vyote” siku moja husema “vitabu vyingi.” Mwalimu hakumfundisha hivyo, wala kanda haikumwambia hivyo. Akili yake yenyewe imetafuta kanuni na kuisukuma mbele kupita mpaka. Kosa lile ni dalili kwamba anafikiri. Basi kulifananisha na dhambi hakufai. Dhambi huhitaji ujuzi na utashi. Kosa la mwanafunzi ni hatua ya mtoto anayejifunza kutembea. Anayeogopa kukosea kama anavyoogopa dhambi atanyamaza, na anayenyamaza hatajua lugha kamwe.

Sisi Wakatoliki tunao mfano wetu wa karibu. Kabla ya Mtaguso, waamini wa vigango vyetu waliitikia Misa kwa Kilatini bila kukosea, na mpaka leo wapo wazee wanaoimba Kyrie na Gloria za Kilatini kwa sauti inayotutoa machozi. Imani yao ilikuwa ya kweli, na walijua wanamwimbia nani. Lakini hakuna aliyesema kwamba wamejua Kilatini. Ulimi wao ulikuwa umefundishwa, ila hawakuweza kusema kwa lugha ile jambo lao wenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa katekisimu ya maswali na majibu. Mtoto aliyekariri majibu yote ana hazina, na tusiidharau, maana siku ya shida majibu yale hurudi yenyewe. Lakini katekista mwenye busara hugeuza swali kidogo aone kama mtoto ameelewa, au amejibu tu kwa sababu ya mlio wa swali.

Hapa ndipo jambo linapomgusa yule bibi wa mwanzo. Padre anaweza kukariri maneno ya maondoleo katika lugha yake kwa wiki moja, kwa kurudia mpaka yatoke vizuri. Maneno hayo hayabadiliki. Lakini dhambi na machungu ya bibi hayajaandikwa popote. Kila muungamaji huja na sentensi yake ambayo hakuna kanda iliyowahi kuirekodi. Mazoezi ya kurudia yanaweza kumfundisha padre kusema. Hayawezi peke yake kumfundisha kumsikiliza mtu.

Padre aliyekigeuza kinasa sauti

Inatupa furaha kuona kwamba mmoja wa waliotafuta njia ya kutoka hapo alikuwa padre. Charles Curran, padre Mkatoliki na profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, alizoea kazi ya kuwashauri watu wenye shida. Aliona kwamba mtu mzima anayejifunza lugha mpya huwa na hofu inayofanana na ya mtu anayekuja kuomba ushauri: anajiona mdogo, anaogopa kuchekwa, anajilinda. Kwa hiyo mwalimu awe kwanza mshauri mwenye subira.

Katika njia yake wanafunzi huketi kwa duara. Kila mmoja husema kwa lugha yake mwenyewe jambo analotaka kuwaambia wenzake. Mwalimu, akiwa amesimama nyuma yake, humnong’oneza namna ya kulisema katika lugha mpya. Mwanafunzi hulirudia kwa sauti, nalo hurekodiwa. Mwishoni kikundi husikiliza mazungumzo yote na kuyachambua pamoja.

Tazama kilichotokea. Kinasa sauti kimebaki, na kurudia kumebaki. Kilichobadilika ni mwenye neno. Maabarani mwanafunzi alirudia sentensi ya mtu mwingine isiyomhusu. Hapa anarudia jambo lake mwenyewe, analotaka kumwambia jirani aliye mbele yake. Earl Stevick, yule yule aliyeandaa mazoezi ya Kiswahili, alivutwa na njia hiyo, akaiandikia kwa heshima katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu kumbukumbu, maana na mbinu. Mtu aliyeandika kurasa nyingi za “kiti hiki ni changu” alikuja kusisitiza kwamba kinachokaa moyoni ni kile chenye maana kwa mtu.

Maabara iliyo mfukoni

Leo simu ya mkononi inafanya yote yaliyofanywa na kibanda cha miaka ya 1960, na zaidi. Inarekodi, inarudia, inahifadhi. Lakini programu nyingi za kujifunzia lugha ni maabara ile ile iliyovaa nguo mpya. Zinakupa sentensi usiyoihitaji, unairudia, unapata pointi na mlio wa pongezi. Huyo ni Skinner na tuzo yake. Zitakusaidia kuanza, lakini zisikudanganye kwamba umefika. Kwa frateri anayejiandaa kwa mwaka wa kichungaji, na kwa mlei yeyote anayetaka kujifunza lugha, tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, mwombe katekista au mzee wa jumuiya akusomee Injili ya Dominika kwa lugha yake, nawe umrekodi kwa ridhaa yake. Sikiliza mara kadhaa kabla ya kuona maandishi. Maana unaijua tayari, hivyo sikio liko huru kufuata sauti.

Pili, rudia aya fupi, jirekodi, kisha sikiliza sauti yake na yako kwa kufuatana. Wengi wetu hatupendi kusikia sauti zetu. Vumilia, kwa kuwa sikio ndilo litakaloona tofauti ambayo ulimi hauioni.

Tatu, fanya mazoezi ya kubadilisha neno moja moja, ila kwa sentensi utakazozitumia kesho. Anza na “Nimekuja kukusalimu,” kisha “Tumekuja kukusalimu,” kisha “Tumekuja kuwasalimu,” kisha “Padre amekuja kuwasalimu.” Kurudia kusiko na mahali pa kutumika hupotea haraka.

Nne, fanyeni duara la Padre Curran. Mafrateri wanne na mzawa mmoja mnatosha. Kila mmoja aseme jambo lake la siku hiyo, anong’onezwe, arudie. Dakika 20 kwa siku baada ya chakula cha jioni zitafanya mengi.

Tano, toka nje ya simu. Nenda ukakae msibani, shambani, kisimani. Sikiliza zaidi kuliko kusema. Ukikosea, cheka pamoja na wanaokucheka, kisha uliza, “Ningesemaje vizuri?”

Nanyi waamini wenzetu wa parokia mna sehemu yenu, tena kubwa. Frateri akikosea lugha yenu, msimwitikie kwa Kiswahili ili kumpunguzia taabu. Mrudishieni sentensi yake ikiwa sahihi, taratibu, naye arudie. Wazee, msiwaonee haya watumishi wenu kwa sababu wanavaa kanzu. Siku ya Pentekoste, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 2, kila mtu aliwasikia Mitume wakisema kwa lugha yake mwenyewe. Roho Mtakatifu alitoa zawadi ile kwa siku moja. Kwetu huitoa polepole, na mara nyingi huipitisha kwenu, mnapokubali kulirudia neno lile lile mara ya kumi kwa kijana asiyelisikia vizuri.